Swali likishaulizwa jukwaani, nani analijibu?

Nilikuwa kidato cha pili. Bwalo limejaa, waliochelewa wamening'inia madirishani, mkuu wa shule kakaa kiti cha mbele kabisa pembeni ya matroni, mikono ameikunja kifuani. Sisi wa klabu ya TUSEME tunaonyesha igizo letu la kwanza, mavazi hatuna, taa hatuna, tuna kanga tatu, ndoo nne na ngoma moja tuliyoazima kanisani. Igizo lenyewe dakika ishirini hivi, wasichana wanachota maji jioni kupeleka kwenye nyumba za walimu wakati wavulana wameshaingia prepo, wakirudi wamechoka wanalalia madaftari, mtihani ukija wanaambiwa wasichana hesabu haziwapandi. Hayo ndo yalikuwa maisha yetu ya kila siku, hatukuongeza chumvi.

Likaisha, makofi yakapigwa, mi nikaanza kukusanya ndoo nikijua tumemaliza. Mwalimu mlezi akasema bado, kaeni hapo hapo. Dada mmoja wa kidato cha tatu, bado kajifunga kanga ya mama aliyekuwa anamwigiza, akasogea mbele akasema "Shikamoo mkuu. Naomba kuuliza, yale maji ya saa kumi na mbili ni ya shule au ni ya nyumbani kwa walimu?" Bwalo zima kimya, mpaka wale wa madirishani. Nilimwangalia mwalimu mlezi nikitegemea atamwokoa yule dada, hakumwokoa, alikaa tu anamwangalia mkuu kama sisi wote tulivyokuwa tunamwangalia.

Mkuu alikaa muda, halafu akasema nitajibu Ijumaa mstarini. Na Ijumaa alijibu kweli. Zamu ya maji ikahamishiwa saa kumi baada ya vipindi, wavulana wakaingizwa kwenye zamu, na nyumba za walimu zikatolewa kwenye ratiba moja kwa moja.

Nimefanya kazi ya sanaa na utetezi wa jamii miaka kumi na saba sasa, tisa kati ya hiyo nikiwa mkurugenzi wa asasi ndogo tu, na kila nikikaa kufikiria uongozi ni nini kwenye kazi hii narudi kwenye lile bwalo. Sirudi kwa yule dada, ingawa ujasiri wake nauheshimu mpaka leo. Narudi kwa mwalimu mlezi, maana ni miaka mingi baadaye ndo nilikuja kujua kwamba yeye alimfuata mkuu ofisini siku tatu kabla, akamwambia utaulizwa swali mbele ya watu, njoo, na usije ukaondoka kabla halijaulizwa. Yaani kile kiti cha mbele hakikuwa cha heshima, kilikuwa kiti cha mtu wa kujibu, na kuna mtu alihangaika mpaka mwenye jibu akakikalia.

TUSEME wengi wetu tuliosoma sekondari miaka ile tunaijua kama klabu tu, kama klabu ya mazingira au ya Kiingereza. Ilianza 1996 pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye idara ya sanaa, na waliokuwa nyuma yake ni maprofesa wawili wanawake, Penina Mlama na Amandina Lihamba. Utaratibu wake ulikuwa na hatua: wasichana wenyewe wanachunguza kinachowakwamisha shuleni, wanakichambua mpaka wajue kinatoka wapi, wanatunga igizo, wanaigiza mbele ya wenzao na walimu na wazazi, halafu unafuata mjadala na mpango wa nini kifanyike na nani atakifanya. Ukiangalia vizuri igizo ni hatua ya katikati tu. Wengi wanaoiga kazi hii wanachukua ile ya katikati, maana ndo inayopigika picha, wanaacha za mwanzo na za mwisho.

Naomba nikae kidogo kwa huyu Mama Mlama, maana maisha yake ya kazi nimeyasoma mara nyingi kama mtu anavyosoma ramani. Amezaliwa Berega, Kilosa, mwaka 1948, na vitabu vya zamani utamkuta kwa jina la Penina Muhando. Alianza kama mwandishi wa tamthilia, na aliandika kwa Kiswahili kwa makusudi kabisa, alishaeleza mwenyewe kwamba aliamua hivyo kwa sababu watu aliotaka kuongea nao ni Watanzania. Kumbuka huyu ni msomi wa chuo kikuu, angeandika Kiingereza angejulikana mbali zaidi na mapema zaidi. Kwenye Nguzo Mama ya 1982 wanawake wa kijiji cha Patata wanahangaika kuisimamisha nguzo, na kila mmoja anavutwa na shida ya nyumbani kwake, nguzo inawashinda. Mi niliisoma nikiwa na miaka kumi na nane nikaona ni hadithi ya huzuni, nikaja kuisoma tena nikiwa mkurugenzi, jioni moja baada ya kikao ambacho wanawake wanne kati ya saba walishindwa kuja, mmoja mtoto anaumwa, mmoja mume kakataa, mmoja msibani, mmoja hakusema sababu. Nikaona kumbe ni ripoti ya kikao.

Halafu angalia alichofanya baadaye. 1982 na 1983 yeye na Lihamba na Eberhard Chambulikazi wakaenda Malya, kijijini huko mkoa wa Mwanza, na hawakwenda na tamthilia mkononi. Walikwenda kukaa na watu, wanakijiji wenyewe waseme tatizo lao ni lipi, walichambue, walicheze kwa ngoma zao na michezo yao, halafu wajadiliane. Mambo yaliyoibuka yalikuwa ya vijana, kukosa kazi za maana za kufanya, na watoto wa shule kupata mimba. Kwa hiyo mtu aliyekuwa na kalamu, na kalamu nzuri, akaikabidhi. Hili kwangu ni tendo kubwa la uongozi na halizungumzwi vya kutosha, kwa sababu ukiwa na kipaji cha kutunga ni vigumu mno kukaa pale unasikia mtu anatunga kwa shida kitu ambacho wewe ungekimaliza kwa sentensi mbili, na unyamaze.

Baada ya hapo ndo TUSEME, wanaotunga sasa ni wasichana wa shule. Na baada ya TUSEME, miaka ya 2000, Mama Mlama akawa mkurugenzi mtendaji wa FAWE kule Nairobi, lile jukwaa la wanawake wanaelimu wa Afrika lililoanzishwa 1992 na wanawake waliokuwa mawaziri wa elimu. TUSEME ikachukuliwa na FAWE ikaenda kwenye nchi nyingine. Watu wengine wanaona hapo aliacha sanaa akaingia ofisini. Mi naona tofauti kabisa. Naona mtu aliyeanza kwa kuuliza swali yeye mwenyewe kwenye kitabu, akagundua wenye swali ni wengine akawapa nafasi waulize, halafu akagundua swali likiulizwa shuleni jibu mara nyingi haliko shuleni, liko wizarani, kwenye waraka, kwenye bajeti, akahamisha kiti chake akakisogeza karibu na wanaojibu. Hiyo yote ni kazi moja.

Mi nililijua hili kwa kichwa mapema, kwa mwili nikaja kulijua kwa njia mbaya.

Niliingia kwenye asasi nikiwa mtu wa kujitolea, napewa nauli tu na siku nyingine hata nauli inachelewa. Nikawa mratibu wa maigizo. Mwanzilishi wetu alipohama, bodi ikakaa vikao vitatu, ikanikabidhi ukurugenzi wa kukaimu nikiwa na miaka thelathini, hela iliyobaki benki ilikuwa ya mishahara ya miezi miwili. Mwenyekiti wa bodi, mzee mwenye nia njema, alinitambulisha kwa wageni akasema "huyu ndiye binti yetu anayetusaidia pale ofisini". Nilikuwa nasaini hundi, naajiri, naenda mbele ya mkaguzi, na bado nilikuwa binti anayesaidia. Sikumjibu mbele ya watu, ni mzee wangu. Nilimfuata baadaye nikamwambia mzee, shikamoo, naomba mbele ya wageni uniite mkurugenzi, siyo kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya wale wasichana wanaotuletea chai pale, wanasikiliza. Alinyamaza, kikao kilichofuata akaniita mkurugenzi, na tangu siku ile hakurudi nyuma. Nikajua hata yeye alihitaji tu kuulizwa.

Sasa lile baya. Lilitokea kabla ya huo ukurugenzi, nikiwa mratibu, mwaka 2014. Tulikwenda kata moja ya mbali, shule iko kilomita saba hivi kutoka baadhi ya vitongoji, na tatizo waliloleta wasichana lilikuwa lifti. Mwanafunzi anatembea jua kali, anapita bodaboda, panda nikusogeze, leo bure kesho bure, mwezi ukiisha anaambiwa umekula vya watu. Tukatunga nao igizo, likawa zuri, niseme ukweli lilikuwa zuri sana, uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda juu ya miembe. Kwenye mjadala binti mmoja wa miaka kumi na tano akasimama, hakuwa hata mwigizaji, akasema mimi napewa lifti tangu mwezi wa tatu na sasa ananiambia ananidai. Hakutaja jina. Ila barabara ile ilikuwa na bodaboda mmoja tu, na kila mtu uwanjani alimjua, na alikuwa ndugu wa familia.

Watu walipiga vigelegele. Mi nilipiga vigelegele. Tukapakia ngoma kwenye gari tukaondoka kabla giza halijaingia, na usiku ule nikiwa nyumba ya wageni nikaandika ripoti, washiriki 412, mwitikio mkubwa sana, wasichana wamepata ujasiri wa kusema. Siku ya nne mwalimu mmoja akanipigia. Yule binti alipigwa usiku ule ule na baba yake mdogo kwa kuaibisha ukoo, na shuleni hajaonekana.

Nilirudi. Nilikuta mama yake anapepeta mahindi, akanikaribisha, akanipa kigoda, hakunitukana hata kidogo, nadhani angenitukana ningepumua. Akasema "Dada, mlikuja na ngoma, mkaondoka na ngoma. Mwanangu amebaki na maneno."

Nimeandika sentensi ile kwenye karatasi nimeibandika ndani ya mlango wa kabati langu la ofisini, na kila mtumishi mpya ninayemwajiri namsomea kabla sijampa mkataba. Kwa sababu kosa lilikuwa letu, na ndani yake la kwangu kwanza, mimi ndiye nilipanga ile safari. Tulikuwa tumeleta wasichana, tumeleta wazazi, tumeleta watoto wa miembeni. Afisa ustawi wa jamii hatukumwambia. Dawati la jinsia na watoto pale polisi wilayani hatukuwajulisha. Mtendaji wa kata alikuwa na safari na sisi tukasema haidhuru, tuendelee, hela ya gari imeshalipwa. Tulimfungulia binti mdomo kwenye uwanja usio na mtu hata mmoja mwenye wajibu wa kumjibu, na tukahesabu vichwa.

Yule binti alikuja kuhamia kwa shangazi yake, akamaliza kidato cha nne huko. Kwenye maigizo hakurudi na sikuthubutu kumwomba.

Kuanzia pale kazi yangu ilibadilika. Sasa hivi hatuingii kijiji wala mtaa na ngoma kabla hatujakaa chini na watu wanaotakiwa kujibu, mtendaji, ustawi wa jamii, dawati, mwalimu mlezi, na akina mama wawili watatu ambao mabinti wenyewe wametutajia kwamba hawa ukiwaendea usiku watakufungulia. Hao wa mwisho ndo muhimu kuliko wote na hawana cheo chochote. Kwenye mjadala binti haongei kwa jina lake, anaongea akiwa ndani ya mhusika, watu wanamuuliza mhusika, mhusika anajibu, na ukweli wote unatoka bila mtu kurudi nyumbani na deni. Siku ya tatu tunarudi. Wiki ya pili tunarudi. Mwezi ukiisha tunarudi. Hatuji na ngoma siku hizo, tunakuja na daftari.

Hilo daftari ndo urithi wangu kama ninao. Ni kauntabuku ya kawaida, kurasa nimezipiga mistari kwa rula, safu ya kwanza swali lililoulizwa, ya pili nani mwenye jibu, ya tatu alisema atajibu lini, ya nne amejibu nini. Tuko kauntabuku ya sita. Mfadhili akija hiyo ndo naweka mezani kwanza kabla ya picha. Wengine wanaikunjua kidogo wanaiweka pembeni wanauliza mmefikia watu wangapi. Wengine wanakaa nayo saa nzima, na hao ndo tumedumu nao.

Kuhusu hela niseme kwa ufupi, maana wenzangu wa asasi mnayajua. 2017 tulipata mfadhili wa kutufuta machozi kabisa, mwaka mzima, ila kwenye bajeti wakakata siku za ufuatiliaji zote, wakasema hazina matokeo yanayoonekana, badala yake tuongeze maonyesho kutoka kumi na mbili hadi thelathini. Nilibishana kwa barua pepe wiki tatu. Mwisho nikawaandikia kwamba hatuwezi. Bodi ilinikasirikia na nawaelewa, watu wawili walipoteza kazi kwa uamuzi ule, mmoja nilianza naye kujitolea, na mpaka leo tukikutana tunasalimiana vizuri lakini siyo kama zamani. Sijutii na bado inaniuma, yote mawili kwa pamoja. Kiongozi asiyewahi kupoteza rafiki kwa sababu ya msimamo wa kazi labda hajakaa kitini muda mrefu.

Na makaratasi. Sisi tunasimamiwa na Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002, na wakati huo huo ni watu wa sanaa kwa hiyo tuna BASATA pia, Baraza la Sanaa la Taifa, na ukienda shuleni unahitaji barua ya mkurugenzi wa halmashauri, na ripoti za mwaka na hesabu zilizokaguliwa zinasubiriwa. Kuna wasanii wanaona haya ni mateso wanayakwepa, wanabaki vikundi visivyo na usajili. Mi nawashauri akina dada wanaonifuata, jifunze makaratasi mpaka uyapende. Asasi nyingi za sanaa nilizoona zinakufa hazikuishiwa ubunifu, mwanzilishi alikuwa na moto wa jukwaani ila risiti zilikuwa kwenye mfuko wa rambo. Na mwanamke akikosea hesabu mara moja, hata kwa bahati mbaya, haitwi mtu aliyekosea hesabu, anaitwa mfano.

Kitu kingine ambacho kilinichukua muda kukubali ni kwamba kuna maswali ambayo jukwaa haliwezi kuyafikisha kwenye jibu, lazima umkabidhi mtu mwingine. Tuliigiza ndoa za utotoni miaka na miaka, vijiji vinalia, wazee wanatikisa kichwa, halafu mtu mmoja anasimama kwa utulivu kabisa anasema lakini sheria inaruhusu. Na alikuwa sahihi, Sheria ya Ndoa ya 1971, vifungu vya 13 na 17, msichana wa miaka kumi na tano mzazi akikubali. Nikikaa pale sina la kusema. Halafu 2016 mwanaharakati Rebeca Gyumi wa asasi ya Msichana Initiative akavipeleka vifungu hivyo Mahakama Kuu akashinda, serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani nayo ikasema vinapingana na Katiba. Siku ile nililia ofisini. Kwenye daftari, kauntabuku ya pili, kulikuwa na swali la binti wa darasa la saba, "kwa nini mvulana anasubiri kumi na nane?", na safu ya nani mwenye jibu niliiacha wazi kwa sababu sikujua niandike nani. Nikaandika mahakama. Hivyo hivyo kwa mabinti waliopata mimba, swali hilo lilikuwa kwenye kila kauntabuku, kila mkoa tuliopita, lini nitarudi darasani, na tarehe 24 Novemba 2021 waziri wa elimu wa wakati huo, Joyce Ndalichako, akatangaza kwamba wanaweza kurudi. Sisemi sisi ndo tulisababisha, walipigania wengi na wengine kwa gharama kubwa kuliko sisi. Ila nilifurahi kwamba kuna watu niliweza kuwapigia simu siku hiyo nikawaambia lile swali lako limejibiwa. Mmoja alikuwa na mtoto wa miaka minne mgongoni. Akasema "dada, mi nilishakata tamaa hata ya kuliuliza", na kimya kikawa kirefu kwenye simu, halafu akauliza inachukua muda gani kujiandikisha.

Mwaka huu nimeanza kukabidhi. Nimewaambia bodi miaka miwili, halafu sitakuwepo, na naibu wangu ni binti aliyetoka kwenye klabu ya shule kama mimi, ana miaka ishirini na tisa. Ana vitu mi sina, anaongea na wafadhili bila kutetemeka, anajua kurekodi na kuhariri, na mabinti wanamwambia mambo ambayo mimi sasa wananiita mama hawaniambii. Kinachonishinda ni kunyamaza. Wiki jana kwenye mjadala, shule moja ya kata, alimwacha mkuu wa shule akae kimya muda mrefu mpaka mi mwenyewe nikawa nimeshafungua mdomo kumsaidia mkuu, naibu akaniangalia tu. Nikafunga mdomo. Sekunde zilipita nyingi kweli.

Swali lilikuwa la choo. Choo cha wasichana hakina mlango tangu Februari, kuna kipande cha turubai, na upepo unalipeperusha, walio kwenye siku zao wanabaki nyumbani. Mkuu alipoongea hatimaye akasema hela ya ukarabati ipo kwenye maombi, iko halmashauri. Naibu wangu hakubishana naye. Akamuuliza, mbele ya wasichana mia mbili na kitu, aliyepelekewa maombi ni nani na yalipelekwa lini. Mkuu akataja ofisi, akataja na mwezi. Naibu akaandika.

Nimeangalia daftari leo asubuhi, kauntabuku ya sita, ukurasa wa thelathini na moja, mwandiko siyo wangu. Choo, mlango. Afisa elimu sekondari, halmashauri. Kasema Jumatano ijayo. Safu ya nne haina kitu. Tumekubaliana Jumatano anaenda yeye peke yake, mi nabaki ofisini na risiti.